Madaftari Yaliyorudi Meupe

Wapo wanawake wakiamua kumwacha mtu, hulia kwanza. Kadi hakulia. Alitafuta boksi.

Alilipata kazini, kwenye chumba cha nyuma cha zahanati, boksi lililokuja na chupa za dawa ya kikohozi. Huko kazini ndiko alikobatizwa jina la Kadi, maana yeye ndiye aliyekaa dirishani akiandika kadi za wagonjwa. Jina lako nani, una umri gani, nini kinakuuma, tangu lini. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mama yake, na mama naye alilitumia akiwa amekasirika tu.

Alipofika nyumbani akayatoa madaftari rafuni, akayapanga ndani ya boksi kama mtu apangaye vyombo vya kuhama. La kitambaa cha bluu. La ngozi iliyokatwa kwenye mkoba mkuukuu. Dogo la mfukoni, lenye utepe mwekundu. Lile lililovishwa kipande cha pazia, ua lake kubwa likakatika katikati ya mgongo, nusu mbele nusu nyuma. Na la mwisho alilolichukua, nene kuliko yote. Yote yalishonwa na mkono mmoja. Hakuna mawili yaliyofanana, na hakuna hata moja lililokuwa na alama ya kalamu ndani.

Zamani ilikuwa akilifungua moja tu, mgongo ukatoa ule mlio mdogo kama mtu ajinyooshaye kitandani, harufu ya gundi na nta humpanda puani na mwili mzima ukamlegea. Jioni hiyo alinusa pia. Karatasi ilinukia karatasi, basi.

Rafuni palikuwa na pengo la daftari moja. Aliliona, hakujisumbua kulitafuta.

"Unahama?" dada yake aliuliza toka kwenye cherehani, bila kuinua uso.

"Narudisha."

"Vya Fundi?"

"Vya Fundi."

"Ndiyo mmeamua?"

"Mama ameamua."

Dada akakata uzi kwa meno, akageuza nguo, akaendelea kushona. Hakusema zaidi. Na huo ukimya wake ndio uliokuwa umemmaliza Kadi siku zote hizo, kuliko hata maneno ya mama.

Maana habari yenyewe ilikuwa hivi. Dada mtu aliolewa na kaka yake Fundi. Akaishi naye, akamfulia, akampikia, akamvumilia, halafu siku moja mume akapata mwingine, akamtoa mke wake nje na begi moja. Begi lilirudi nyumbani, cherehani ikabaki kule. Kadi ndiye aliyetumwa kuifuata, na mle ndani hakuna aliyemkaribisha wala kumsaidia, isipokuwa mdogo mtu, huyu Fundi, kijeba cha watu, kifupi cha umbo, chenye vidole vinene. Alifunga droo ya cherehani kwa uzi wake wenye nta ili sindano zisimwagike, akaibeba begani mtaa kwa mtaa mpaka mlangoni kwao. Njia nzima hakufungua kinywa. Alipoitua akasema neno moja, "Nisameheni," akaondoka zake.

Kadi akaja kuona karakana yake baadaye, na madaftari dirishani. Akanunua moja. Akarudi. Mapenzi yalianza hivyo, polepole, daftari kwa daftari.

Mama alipojua, alisema mbele ya mabinti zake wote wawili: "Nyumba ile imenitemea mtoto mmoja. Siwapelekei wa pili wamtafune. Mtazame dada yako, halafu uniambie unakwenda wapi." Kadi alimtazama dada yake. Dada alikuwa anapima pindo la gauni la mteja, pini zimejaa mdomoni. Hakuzitoa.

Tangu hapo Kadi alikufa ganzi. Alikula, alilala, aliandika kadi. Ukimchoma sindano angekuuliza unatafuta nini.

*

Karakana ya Fundi ilibanwa kati ya mchonga funguo na muuza magodoro. Ukiingia unakuta meza moja ndefu, mafungu ya karatasi zilizokunjwa, msharasi wake wa kutobolea uliong'aa mpini kwa kushikwa, sufuria ya gundi, na mbao mbili zenye skurubu ambazo hubana madaftari mabichi mpaka yakauke yakiwa yamenyooka. Ukutani kulikuwa na rafu moja aliyoiheshimu kuliko zote. Hiyo ilikuwa ya madaftari yaliyorudi.

Utaratibu wake ulikuwa huo, na kila mteja aliambiwa siku ya kwanza: "Likijaa, lirudi. Jalada halifi. Nitalitia matumbo mapya, na yale ya zamani utayachukua yakiwa yamefungwa vizuri." Wengi walifanya hivyo. Kulikuwa na la mwalimu wa kwaya, limevimba kwa nyimbo. Kulikuwa na la mama muuza maziwa, ambalo hata ukilifungua kwa mbali unajua kazi yake kwa pua. Fundi aliyapenda hayo kama mpishi anavyopenda sahani iliyorudi imerambwa.

Kadi aliyasikia maneno yale siku ile ya kwanza. Aliyachukulia kama maneno ya dukani, ya kumwambia mteja karibu tena.

Alimkuta Fundi ameshika sindano, uzi umening'inia mdomoni.

"Umewahi leo," akasema Fundi, akautoa uzi. Macho yake yakamkaa usoni kidogo, kama kawaida yake, yakashuka kwenye boksi. "Umebeba nini? Lete, utaumia mgongo."

"Nimekuja kurudisha."

Kilichomtokea Fundi usoni, Kadi alikiona vizuri sana, na hata katika ganzi yake alijua kwamba atakikumbuka. Uso ulifunguka. Mwanamume mzima mwenye mvi mbili tatu za kidevuni, akacheka kama aliyeitwa jina lake redioni.

"Yamejaa?" Akasukuma karatasi pembeni, akapangusa meza kwa kiganja, akaenda kunawa gundi vidoleni. "Hatimaye! Nilijua tu. Nikasema huyu, akirudi atarudi nayo yote kwa mpigo. Usiogope, mimi sisomi ya watu. Nakata uzi, nafungasha, basi. Niliyosoma maishani mwangu ni ya muuza maziwa, na yeye alinilazimisha."

"Fundi…"

"Subiri, subiri kwanza."

Akatoa la bluu. Akalifungua katikati. Akarudi mwanzo. Akaenda mwisho. Akaliweka, akachukua la ngozi, akapitisha kidole gumba kwenye kingo, kurasa zikaruka zote nyeupe pe. Akachukua dogo la utepe. Utepe ulikuwa bado pale pale alipouweka yeye mwenyewe, kwenye mkunjo wa kwanza. Kwa la pazia hakufika mwisho.

"Haya hayajaandikwa," akasema.

"Hayajaandikwa."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Kwa jirani mashine ya funguo ililia, ikanyamaza. Fundi akakaa kwenye kigoda.

"Kumbe mimi nilikuwa nashonea kabati."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi, Kadi? Nisaidie. Wewe ndiye unayeandika."

"Ndiyo, naandika," akasema, na sauti yake ilikuwa bapa kama ya mtu anayesoma tangazo. "Kutwa nzima naandika. Anaharisha tangu juzi. Jipu kwapani. Anasikia kizunguzungu akiinama. Mtoto hanyonyi. Nikifika nyumbani nilitaka kitu kimoja tu ambacho hakuna mtu anaumwa ndani yake. Nilikuwa nayafungua, nayanusa, nahesabu mishono yako kwa kidole, nayarudisha. Niliogopa kuyachafua."

"Daftari halichafuki kwa kuandikwa. Sufuria huchafuka kwa kupikiwa?"

"Huchafuka."

Fundi akafikiri. "Ndiyo, huchafuka," akakiri. "Lakini mtu anashiba."

Siku nyingine wangecheka. Kadi alimwangalia tu, mikono kaiweka juu ya boksi.

"Unajua mimi nilikuwa nadhani nini?" Fundi akaendelea, taratibu, akiongea na meza. "Kila ulipokuja kutaka jingine, nilijua la nyuma limejaa. Ila hulileti, una siri zako. Nikasema moyoni, mwanamke huyu ana maneno mengi, na huenda, bahati ikiwa yangu, mawili matatu yananihusu. Nikawa nakuongezea kurasa. Unaona hili la mwisho lilivyo nene kama tofali? Nilisema sasa anayo mengi ya kusema, lisije likamkatikia njiani."

"Mimi nikasema unalifanya nene kwa kuwa unanipenda."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

Kadi alihisi palepale kifuani pangepaswa kuchoma. Akasubiri pachome. Hapakuchoma.

"Mama amekataa," akasema.

"Mama amekataa tangu mwanzo. Wewe umesemaje?"

"Nimekuja na boksi."

"Boksi nimeliona. Nakuuliza wewe."

"Fundi, kila nikikutazama namwona dada yangu mlangoni na lile begi. Yupo pale ndani, anashona, hasemi kitu. Nitaolewaje huku yeye ananitazama? Nitamwambia nini? Kwamba nyumba iliyomtupa yeye mimi imenipokea?"

"Mimi si kaka yangu."

"Najua."

"Sisemi naye. Unajua sisemi naye."

"Najua, Fundi. Najua yote hayo."

"Basi mimi nifanye nini?" Hakupandisha sauti. Wala yeye hakuonekana kuwa na nguvu ya kuipandisha. "Niambie nitoboe wapi, nishone wapi. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua."

"Pokea boksi."

Akalipokea. Akaanza kuyarudisha madaftari ndani, moja baada ya jingine, akiyageuza migongo upande huu na upande huu yasikunjane. Alipofika kwenye lile la pazia akalilaza juu kabisa, akapapasa ua lililokatika. Kadi alitazama vidole vile vinene. Aliwahi kuvijua vikimshika kiwiko wakivuka barabara. Leo aliviona ni vidole vya mtu.

"Hodi humu."

Wote wawili waliijua sauti hiyo. Dada mtu alikuwa amesimama mlangoni, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akihema kwa mwendo.

"Karibu, shemeji," likamtoka Fundi, kisha akauma ulimi.

"Ushemeji gani? Uliisha na ndoa yenyewe." Akaingia, akatazama boksi, akamtazama mdogo wake. "Wewe ukirudisha vya watu, rudisha vyote. Umeacha moja."

Akafungua mkoba, akatoa daftari, akalipiga mezani. Paa!

Lilikuwa daftari la kijani, jalada limepata doa la mafuta ya cherehani, pembe zimeota ndevu. Lilivimba. Vipande vya vitambaa vilichungulia pembeni, vimebanwa kwa pini. Fundi alilifungua kwa vidole viwili, kama mtu anayefunua kitoto kilicholala. Kurasa zilijaa toka juu mpaka chini, penseli na kalamu ya bluu na ya nyekundu, zimepishana hata kingoni. Shingo. Bega. Kifua. Kiuno, asibane, amejifungua juzi. Mkono wa kushoto mfupi kidogo, asiambiwe.

"Dada!" akasema Kadi. "Ulilichukua?"

"Nilikosa pa kuandikia vipimo. Wewe una rafu nzima ya karatasi tupu kama ofisi iliyofungwa, nikachukua. Limejaa toka wiki iliyopita, najibana kwenye jalada." Akamgeukia Fundi. "Nasikia kwako likijaa mtu analirudisha, unalitia matumbo mapya. Au hiyo ni kwa wateja wanaokuchekea tu?"

"Ni kwa yeyote," akasema Fundi.

"Basi nataka. Na usinipunje kurasa."

"Sitakupunja, she…" Akameza.

"Limalize neno, litakukaba."

Dada akavuta kigoda bila kukaribishwa, akakaa, akaanza kuikunja ile tepu kidoleni.

"Nimekuja njia nzima nawatukana," akasema. "Wewe Kadi, nilikuuliza mmeamua, ukaniambia Mama ameamua. Mama anasema hapana kwa ajili yangu. Wewe unarudisha boksi kwa ajili yangu. Mtaa mzima unaniendea kunyata kwa ajili yangu. Mimi mwenyewe kuna aliyeniuliza?"

"Ulinyamaza," akasema Kadi. "Mama aliposema, ulinyamaza."

"Nilikuwa na pini mdomoni!"

"Na baadaye? Baadaye pia ulikuwa na pini?"

Dada akaikunjua tepu, akaikunja tena.

"Baadaye nilikuwa na wivu," akasema. "Haya, umesikia. Mimi nimeachwa, wewe unashonewa madaftari. Ningekupigia vigelegele? Nilijinunia zangu. Lakini wivu ni homa, unapanda unashuka. Haukuwa hukumu." Akamnyooshea Fundi kidole. "Kaka yako alinitoa nje na begi. Huyu alinibebea cherehani. Mimi ninakula kwa cherehani ile, na Mama anakula, na wewe ulipokuwa huna kazi ulikula. Mimi niliachwa na kaka mtu. Huyu hajaniacha popote."

"Kwa hiyo umeridhika?" Kadi aliuliza polepole.

"Sijasema nimeridhika. Nimesema daftari limejaa." Akainuka. "Ukimwacha huyu kwa sababu humtaki, mwache. Ukimwacha kwa sababu unamwogopa Mama, sema unamwogopa Mama. Mimi usinivishe hilo. Mama ndiye anayeumwa na jambo hili, na mganga wake hajatokea; mimi nilishapona." Akafika mlangoni, akageuka kwa Fundi. "Na wewe, ukifanikiwa, utakuwa umenirudishia ushemeji kwa mlango wa nyuma. Mambo gani haya! Nitalifuata likikauka."

Akaenda zake, wakamsikia akimkaripia muuza magodoro atoe magodoro njiani.

Fundi hakumsogelea Kadi. Mtu mwingine angemkumbatia na kuharibu. Yeye alilivuta lile daftari nene kama tofali kutoka ndani ya boksi, akaliweka mbele yake, akatoa penseli nyuma ya sikio, akailaza juu.

"Siwezi kuandika mahaba," akasema Kadi.

"Nani kakuomba mahaba? Mwenzako kaandika viuno vya watu."

Kadi akalifungua. Mgongo ukatoa ule mlio. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mweupe hivi kwamba mkono wake ulijisikia mchafu. Hakujua aanzie wapi, basi mkono ukajiendea njia uliyoizoea. Akaandika: *Jina*. Akaandika: *Umri*. Akaandika: *Nini kinakuuma*. Akaandika: *Tangu lini*. Ndipo akaona alichofanya, akatamani kuuchana ukurasa.

"Acha," akasema Fundi. "Jaza."

Mbele ya *Jina* akaandika jina lake la kuzaliwa. Fundi aliinama akalisoma. Hakuwahi kulijua. Akalitamka mara moja, chini chini, kwa uangalifu, kama mtu anayepima karatasi mpya kati ya vidole. Toka alipokua, Kadi hakuwahi kulisikia likitamkwa bila hasira.

Akaenda kwenye *Nini kinakuuma*. Akaweka ncha ya penseli, akangoja.

Kama umewahi kukalia mguu ukafa ganzi unajua: wakati wa ganzi hauumi. Unauma ukianza kuamka. Kwanza kitu kama mchanga, halafu sindano. Kilimwanzia chini ya koo. Akaandika neno, likatoka limepinda. Akalifuta kwa kidole, likaacha doa jeusi refu katikati ya karatasi. Akaandika jingine, nalo akalifuta. Ukurasa ulishaharibika sasa, hakukuwa tena na kitu cha kukichunga.

"Kinauma?" Fundi aliuliza.

"Kidogo. Kinaanza."

Akafunga daftari, penseli ikiwa ndani, akalipakata.

"Hayo mengine yabaki kwako," akasema, akionyesha boksi. "Hili naondoka nalo. Likijaa nitalirudisha."

"Na Mama?"

Kadi alisimama mlangoni, daftari kalikumbatia kifuani. Mashine ya jirani ililia tena, ikanyamaza.

"Mama nitamkalisha mbele yangu kama mgonjwa yeyote," akasema. "Nitamwuliza nini kinamuuma, na tangu lini. Safari hii nitaandika."